Kabla hujanunua injekta nne, tafuta ile moja

Msomaji mmoja wa Mamboleo, Kisumu, ameniandikia hivi: "Fundi, shikamoo. Nina Probox ya 2007 ya petroli, injini ya 1500. Inabeba mkate kila alfajiri hadi Luanda na Busia. Sasa ni wiki ya tatu, asubuhi inakataa kushika. Tunaizungusha sana, na ikishika inatetemeka kama mtu mwenye malaria huku inanuka petroli, kisha baada ya dakika tatu nne inatulia kabisa. Mafuta nayo inakula kuliko zamani. Fundi wangu alichomeka mashine, ikaandika P0302, akasema injekta zote nne zimekufa, ninunue seti. Mwingine akasema nimwage dawa tu kwenye tangi. Hizi injekta ni kitu gani hasa, na nitajuaje kama zimekufa kweli kabla sijatoa pesa?"

Marahaba, dada yangu. Shikilia pesa zako kwanza. Kwa dalili ulizoeleza, mimi ninashuku injekta moja tu, ya silinda ya pili, na ugonjwa wake si kufa bali kutofunga vizuri: inadondosha petroli gari likiwa limelala. Lakini kushuku si kupima. Fundi wako naye alishuku, ila shuku yake inakugharimu injekta nne, yangu inakugharimu asubuhi chache.

Nianze na kifaa chenyewe, maana ukishakielewa hutadanganywa kirahisi.

Injekta, ambayo mafundi wengi huku kwetu huiita nozeli, ni mfereji unaofunguliwa kwa umeme. Ukiishika mkononi utaona kitu cha urefu wa kidole, plastiki juu, chuma chini, pete mbili za mpira, na ubavuni soketi ya waya mbili. Ndani mna koili ya waya mwembamba wa shaba, kipande cha chuma kinachopanda na kushuka, springi inayokisukuma chini, na ncha kama ya sindano au kigololi kilichokalia tundu. Umeme usipopita, springi inakandamiza ile ncha kwenye kiti chake na petroli haipiti. Umeme ukipita, koili inageuka sumaku, inavuta chuma juu, na petroli inachomoka. Kinapanda kiasi gani? Kama unene wa karatasi moja ya daftari, au chini ya hapo. Mlango wenyewe ndio huo. Kwa hiyo chembe ya uchafu ambayo jicho lako halitaiona inatosha kuuzuia usijifunge.

Juu, petroli inapoingilia, kuna kichujio kidogo chenye umbo la kikapu. Chini, inapotokea, kuna kisahani chenye vitundu vinavyoigeuza iwe ukungu. Ukungu ndio unaowaka vizuri. Petroli ikitoka kama mkojo wa mtoto, mstari mmoja au matone, inalowesha kuta za njia ya hewa, nusu inaungua na nusu inatoka kwa bomba la moshi.

Zile waya mbili zina siri ambayo wengi huielewa kinyume. Moja huleta volti 12 muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Nyingine inaenda kwenye kompyuta ya injini, na kompyuta ndiyo inayoiunganisha na upande wa hasi kwa kitambo kidogo kisha inaikata. Kwa hiyo umeme unakuwa pale ukisubiri, na kompyuta inafungua njia ya kurudi.

Halafu, kompyuta haiamui petroli itoke kwa nguvu gani. Nguvu ni kazi ya pampu na regyuleta yake, yaani kifaa kinachodhibiti presha, ambazo kwenye Probox zote zimo ndani ya tangi. Kwa injini yako, ambayo Toyota huiita 1NZ-FE, presha inatakiwa kuwa kati ya kilopaskali 304 na 343, yaani paundi 44 hadi 50 kwenye geji za mafundi wetu. Ukubwa wa tundu nao haubadiliki. Kinachobaki mikononi mwa kompyuta ni muda. Gari likiwa limesimama injini ikinguruma kwa mizunguko 750 kwa dakika, kila silinda hupata zamu yake baada ya milisekunde 160, na katika hizo injekta hufunguka milisekunde mbili au tatu tu. Ukikanyaga, muda unaongezwa. Ukipanda kutoka Kisumu, ambako ni karibu mita 1,130 juu ya bahari, hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, hewa inapungua na kompyuta inapunguza muda yenyewe. Magari ya kabureta yalikuwa yakifika kule yanatoa moshi mweusi. Na ukitaka kujua injekta inachoka vipi, piga hesabu ya dereva wako: saa mbili barabarani kwa mizunguko 2,500 ni kila injekta kufunguka na kufunga mara 150,000. Ni ajabu kwamba zinadumu.

Turudi kwa mashine ya fundi wako. P0302 haisemi injekta. Inasema silinda ya pili imekosa kuwaka, basi. Kompyuta imejua hivyo kwa kuona krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inapungua kasi kila zamu ya silinda hiyo inapofika. Sababu inaweza kuwa cheche, inaweza kuwa petroli nyingi mno, inaweza kuwa petroli kidogo, inaweza kuwa kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, imepotea. Kuna nambari zinazotaja umeme wa injekta moja kwa moja, P0201 hadi P0204, na hukuzitaja. Na kama zote nne zingekuwa mbovu, au pampu imechoka, ningetarajia P0300, ambayo ni kukosa huku na kule, au P0171, inayolalamika kwamba petroli ni kidogo kuliko hewa. Wewe nambari yako inataja silinda moja kwa jina. Sijui alitoa wapi hizo nyingine tatu.

Kwenye injini yako silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mkanda. Hesabu kutoka hapo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuzungusha, chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Oili inayonuka petroli, au iliyopanda juu ya alama bila mtu kuiongeza, inakuambia kuna petroli inayoteremka kwenye silinda na kupita hadi chini. Kisha dereva akanyage aksilereta hadi mwisho, aishikilie hapo, azungushe. Katika magari mengi ya injekta, kompyuta ikiona umekanyaga hadi sakafu wakati wa kuzungusha, inakata petroli ili injini iliyofurika ipate kupumua. Ikishika kwa urahisi zaidi hivyo kuliko kawaida, basi ilikuwa imefurika. Ikizidi kukataa, tatizo linaelekea upande wa pili, petroli haifiki.

Siku inayofuata fanya hili la plagi, na hapa wengi hukosea. Wanachomoa plagi kabla ya kuzungusha, wanaikuta kavu, wanasema injekta ni nzima. Petroli ya usiku haidondokei kwenye plagi, dada yangu. Inadondokea kwenye njia ya hewa, juu ya vali ya kuingizia, inakusanyika pale kama maji kwenye gata. Inaingia silinda pale tu injini inapozunguka. Kwa hiyo zungusha sekunde mbili tatu, isiposhika acha, ndipo ufungue. Koili zako nne za cheche (si ile ya ndani ya injekta) zimekaa juu ya plagi, kila moja na bolti ya spana 10. Chomoa zote nne na plagi zake, uzipange juu ya gazeti kwa mpangilio. Tatu zikiwa za rangi ya hudhurungi na kavu, na ya pili iwe imelowa, nyeusi, inanuka, huhitaji mganga.

Hata hivyo plagi iliyolowa inaweza kuwa imelowa kwa sababu cheche haikuja. Ndiyo sababu kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote, na ambacho ningekifanya hata kama ningekuwa na mashine ya milioni, ni kuhamisha. Fundi afute nambari kwenye kompyuta. Achukue koili ya silinda ya pili aiweke ya tatu, na ya tatu aiweke ya pili. Achukue plagi ya pili aipeleke ya nne, na ya nne iende ya pili. Fungeni, mwende zenu, mngojee asubuhi itakapotetemeka tena, msome nambari. Ikiwa P0303, ugonjwa umehama na koili. Ikiwa P0304, umehama na plagi. Ikibaki P0302, vyote viwili havina hatia, na umebaki na injekta, waya zake, au kompresheni. Umefanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja na hujanunua kitu. Fundi akikataa kuhamisha eti anajua tayari, mwulize atakurudishia pesa ikiwa hajui.

Kusikiliza injekta nako ni rahisi. Bisibisi ndefu, ncha juu ya mwili wa injekta, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Angalia nguo na nywele zisikaribie mkanda. Utasikia tik-tik-tik kavu, ya haraka. Sikiliza zote nne. Sauti ziwe sawa. Iliyo kimya haifunguki. Iliyo na sauti nzito, kama inagonga kitambaa, imejaa uchafu au inanata. Lakini sikio lina mpaka wake: linakuambia injekta imefunguka, halikuambii imetoa kiasi gani wala kama imefunga mpaka mwisho.

Mita ya umeme hali kadhalika. Injini ikiwa baridi, chomoa soketi ya injekta, weka mita kwenye omu, gusa pini mbili. Injekta za aina yako hukaa kati ya omu 11 na 16, mara nyingi karibu 14, na cha muhimu ni zote nne zikaribiane. Ikisoma hakuna mwisho, waya wa koili umekatika ndani. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeungana. Nimesema baridi kwa makusudi: shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, na injekta ya omu 14 asubuhi inaweza kusoma 17 injini ikiwa imechemka, ukaambiwa ni mbovu. Kwa upande wako naamini mita itasoma vizuri kabisa, na hapo ndipo fundi asiye makini atakapokwama. Injekta inayovuja ina koili nzima. Inasikika vizuri, inapimika vizuri, na usiku inakuibia.

Kuna mafundi wanaogusisha injekta moja kwa moja kwenye betri ili waisikie ikilia. Kwa aina ya omu 14 kugusa kwa kufumba na kufumbua hakuna neno, inakula kama ampia moja tu. Kwa zile za magari fulani ya zamani, za omu mbili au tatu, mkondo unapanda hadi ampia nne au zaidi na koili inaungua mkononi mwako. Tena injekta huwa inapozwa na petroli inayopita ndani yake. Kuichezesha kavu kwa muda ni kuichoma.

Umeme unaoifikia injekta nao upimwe. Ufunguo ukiwa umewashwa, waya mmoja wa soketi uwe na volti za betri. Kisha kwa ule mwingine tumia taa ndogo ya kupimia ya LED, upande mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye pini inayoenda kwa kompyuta, mtu azungushe. Imulike kwa kupepesa. Usitumie balbu ya taa ya breki, inavuta umeme mwingi kuliko kompyuta ilivyozoea kubeba.

Hili la waya nalikazia kwa sababu ya gari moja la Ahero. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mchele, Fielder yake inalala ubavuni mwa stoo. Aliletwa kwangu akiwa ameshabadilishiwa injekta zote, ameshabadilishiwa plagi, na garini kuna seti ya pili ya injekta imefungwa kwenye gazeti, tayari kuwekwa. Silinda ya tatu imekufa kabisa. Nilipochomoa soketi ya injekta ya tatu, volti zilikuwepo. Nikaweka taa: giza. Nikafuata waya kwa vidole, sentimita kumi hivi nyuma ya soketi, ndani ya ile bomba nyeusi ya plastiki, nikaukuta umetafunwa safi kama mtu aliyeukata kwa meno ya mbele. Punje za mpunga zilikuwa juu ya gia boksi. Panya. Kipande cha waya, solda, tepu, nikamwambia atafute paka.

Ukishafika hapa na P0302 bado iko palepale, ndipo inapofaa kugusa mfumo wa petroli wenyewe. Na hapa nakuomba usifanye mwenyewe. Petroli kwenye reli, lile bomba linalozigawia injekta zote nne, iko kwenye presha hata injini ikiwa imezimwa. Kwanza itolewe: chomoa fyuzi au relei ya pampu injini ikiwa inanguruma, iache ijizime, kisha tenganisha hasi ya betri. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Na kama gereji ya fundi wako iko ubavuni mwa mama anayekaanga mandazi kwa jiko la makaa, kama gereji nyingi ninazozijua, kazi hii ihamishwe. Silisemi kwa mzaha.

Fundi mwenye geji ataiunganisha kwenye paipu ya petroli, awashe, asome ile paundi 44 hadi 50. Kisha azime na kutazama saa. Baada ya dakika tano presha haitakiwi kuwa imeshuka chini ya kilopaskali 147, karibu paundi 21. Ikianguka haraka kuna mahali inatoka, na pawili ndipo pa kushukiwa: injekta inayovuja mbele, au vali ndogo ya kuzuia kurudi iliyo kwenye pampu, ambayo inairudisha petroli tangini. Zote mbili hufanya gari lizungushwe sana asubuhi. Lakini ile ya pampu hailowesi plagi, haitoi harufu, haitetemeshi silinda moja. Wewe harufu na mtetemo wa silinda moja tayari unavyo. Ndiyo maana tangu mwanzo sikuishuku pampu yako.

Mwisho wa ubishi ni kutoa reli pamoja na injekta zake zikiwa bado zimeshikana nayo, kuzifunga kwa waya zisiruke, kuweka kikombe safi chini ya kila moja, na kuiamuru pampu izunguke kwa kutumia mashine ya kusomea nambari bila kuwasha injini. Kisha unakaa na kutazama ncha nne. Kipimo cha Toyota kwa injini hii ni tone moja au pungufu kwa dakika 12. Dakika 12 ni nyingi kwa fundi mwenye haraka, lakini injekta mbovu haikusubirishi hivyo. Unaona ncha inaloa, inang'aa, tone linakua, linaning'inia, linaanguka, na lingine linaanza. Nikiwa Nakuru nilikuwa naita mwenye gari aje aone kwa macho yake. Hakuna aliyebishana na bili baada ya kuona tone.

Kama hakuna anayeweza kufanya hivyo karibu nawe, tafuta karakana yenye benchi la kupimia injekta. Kisumu zipo, Nakuru na Eldoret pia. Wanapanga injekta juu ya mirija ya kioo yenye vipimo, wanazichezesha kwa kioevu maalumu. Unaangalia mambo matatu. Kuvuja zikiwa zimefungwa kwa presha. Umbo la mnyunyizo, liwe koni ya ukungu isiyo na mstari mzito pembeni. Na kiasi: kwa injekta zako ni karibu mililita 40 kwa sekunde 15. Kiwanda huruhusu tofauti ya hadi mililita 10 kati ya ya kwanza na ya mwisho, lakini mimi kwa macho yangu hiyo ni nyingi, napenda zisipishane zaidi ya mililita mbili tatu. Nimeona mirija mitatu ikifika 40 na mmoja ukibaki 33, na mwenye gari akashangaa kwamba tatizo la miezi sita linaonekana kama chai kwenye glasi.

Injekta inayovuja si lazima itupwe. Mara nyingi ni utando wa petroli iliyoganda kwenye kiti cha ncha. Hutokea hivi: unazima injini ikiwa moto, joto linapanda hadi kwenye ncha ya injekta, ile petroli kidogo iliyobaki pale inapoteza sehemu yake nyepesi, na nzito inabaki kama vanishi. Gari la safari fupi fupi za mjini, linalozimwa kila baada ya nusu kilomita kama lako linapogawa mkate, huupata utando huu haraka kuliko basi la masafa marefu. Karakana itaiosha kwa mawimbi ya sauti ndani ya dawa, itasukuma kioevu kwa kinyume, itabadilisha kikapu cha kichujio na pete za mpira, kisha itapima tena. Ikiacha kudondosha, umepona. Ikiendelea, kiti kimeliwa au kimepata kutu ya maji yaliyokuwa kwenye petroli, na hiyo moja ndiyo unayonunua.

Kuhusu dawa ya kumwaga tangini, fundi wako wa pili hakusema uongo mtupu. Dawa zenye poliitaamini huyeyusha utando mwepesi, tangi moja hadi mbili. Kama ungeniandikia mwezi mmoja mapema, ningekuambia ujaribu. Sasa, kama shuku yangu ni kweli, silinda moja inafurika na petroli inaingia kwenye oili. Kungoja ni kuihatarisha injini. Usikubali mtu akumwagie thina au mafuta ya taa kwa jina la kusafisha. Thina inavimbisha mpira, na mafuta ya taa ndiyo yaliyotuletea balaa lenyewe: kuyachanganya na mafuta ya magari kulienea hadi mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasiwe rahisi kiasi cha kumtia mwuza petroli majaribuni. Petroli ya jerikeni kando ya barabara usiiamini hata ikiwa bei ni tamu. Na ukimwona mtu anachokoa vile vitundu vya injekta kwa sindano au waya wa breki ya baiskeli, mnyang'anye. Kitundu kikipanuka kidogo tu, mnyunyizo umekwisha na hakuna mashine ya kuurudisha.

Ukilazimika kununua hiyo moja, namba iliyoandikwa mwilini ifanane na ya zako, tarakimu kwa tarakimu. Soketi kufanana hakutoshi, zipo zinazoingia vizuri na kutoa kiasi tofauti. Ikiwa ni ya kutoka Japani iliyotumika, ipimwe kwenye benchi pamoja na zako tatu kabla hujalipa. Mwuzaji anayeamini mali yake hatakataa. Pete za mpira ziwe mpya kila injekta inapotolewa, zipakwe petroli au oili nyepesi kidogo, na injekta izungushwe kwa vidole baada ya kuingia. Isipozunguka, pete imejikunja, na utakuwa na petroli inayotiririka juu ya injini yenye joto. Baada ya kufunga reli, pampu izungushwe, mkono upitishwe chini ya kila pete kutafuta unyevu, ndipo gari liwashwe. Na oili imwagwe, iwekwe mpya, kama ile ya zamani ilinuka.

Wasomaji wenye Hiace ya dizeli ya siku hizi, au gari la petroli linalonyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda kama zile za Toyota zilizoandikwa D-4, msichukue haya na kwenda kufungua paipu. Kwenye dizeli za reli ya pamoja presha inapita bar 1,300, na mnyunyizo wa nguvu hiyo unapenya ngozi bila maumivu makubwa, unaacha kidoti tu, na mtu anapoteza mkono kwa kudhani ni mkwaruzo. Omu zake, volti zake, hata sauti yake ni tofauti. Hayo nitayajibu siku yake.

Wewe, dada yangu, anza Jumapili usiku wakati hakuna mkate wa kupelekwa. Jumatatu zungusha kidogo, fungua plagi, piga picha zote nne kwa mpangilio kabla hujazifuta. Kisha mpe fundi wako nafasi ya kuhamisha koili na plagi; ni kijana wako, mmefanya kazi pamoja, na inawezekana alikimbilia injekta kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha ile ya plagi. Niandikie ya pili ilitoka na rangi gani.